Sikio la Barakoa

Harufu ya plastiki iliyoungua ilimpokea mke wa Winchi akiwa bado mlangoni kwa jirani, na kabla hajafika kwake alishajua kwamba balaa ni la nyumba yake. Alitupa mkoba kwenye kiti, akaingia jikoni, akamkuta mama yake mzazi amesimama mbele ya jiko, ameshika sufuria kwa kitambaa, anatazama ndani. Maji yalikuwa yamekauka kitambo. Ndani ya sufuria ilikuwamo barakoa ya mumewe, ile anayoivaa usiku ili apumue, na upande mmoja wa fremu yake ulikuwa umeyeyuka na kujikunja.

"Nilitaka kuitakasa tu," mama alisema. "Nilidhani ni kama chuchu za chupa za watoto."

Tusimcheke haraka. Mama huyu, kabla ya kustaafu, alifanya kazi katika chumba cha kuchemshia vifaa kwenye wodi ya wazazi, na maisha yake yote aliamini kwamba duniani hakuna uchafu unaoyaweza maji ya moto. Alikuja kwa bintiye kutolewa mtoto wa jicho. Operesheni ilikwenda vizuri, vizuri kupita kiasi, kwa sababu alipofunguliwa bandeji alianza kuona madoa ambayo wenye nyumba walikuwa wameishi nayo kwa amani miaka mingi. Alichemsha vijiko, akachemsha vitana vya saluni vya binti yake, akachemsha soksi. Siku hiyo aliiona barakoa imeanikwa dirishani, ina mafuta ya uso pembezoni, akaamua kumfanyia mkwewe hisani kimyakimya. Mara jirani akamwita getini, maongezi yakanoga, na mengine unayajua.

Binti aliitoa barakoa kwa uma. Ule mto laini wa mpira unaokaa puani ulikuwa mzima. Kiwiko kinachopokea bomba kilikuwa kizima. Lakini fremu ilikuwa na ufa upande wa kushoto, na lile sikio la chini linaloshikilia mkanda wa kichwani halikuwapo tena. Lilikuwa limegandamana na sufuria pamoja na kibanio chake. Alijaribu kulibandua kwa kucha, likakatika vipande viwili.

Alikaa chini, sakafuni hapohapo, akashika kichwa. Mumewe alikuwa dereva wa winchi kwenye yadi ya vyuma, ndiyo maana watu wote walimwita Winchi, hata wanawe wakiwa wanamtania. Miezi michache nyuma alikuwa amesinzia huko juu, mabomba ya chuma yakiwa yananing'inia, na mabomba yakashuka yenyewe karibu kabisa na aliposimama mpiga ishara, yule anayemwongoza kutoka chini. Hakuna aliyeumia. Daktari akagundua kwamba koo lake hujifunga usingizini, kwamba mtu huyu kwa miaka alikuwa halali bali anakabwa. Bima ya kampuni ikampa mashine ya kumsukumia hewa na barakoa yake, moja, na ya pili mpaka mwaka upite. Naye msimamizi wa yadi akampa sharti: atafagia yadi mpaka mwisho wa mwezi, halafu nesi wa kampuni ataisoma mashine. Mashine hukumbuka kila usiku uliovaliwa na kila usiku ulioachwa. Ikisema amelala, atarudi juu. Ikisema vinginevyo, winchi itapewa mtu mwingine moja kwa moja.

*

Ukwe una adabu zake. Winchi aliporudi, vumbi la yadi likiwa bado nywelini, mkewe alimwonyesha barakoa chumbani na kumweleza kwa sauti ya chini. Aliigeuza mara mbili mkononi. Kisha akatoka sebuleni, ambako mama mkwe alikuwa ameketi amejifunika kanga hadi kichwani kama mfiwa, akapiga goti kidogo kama kawaida yake ya kumsalimu, akasema, "Si neno, mama. Chombo huvunjika." Akatoka nje, akasimama kwenye bomba la maji, akalifungua na kulifunga, akalifungua na kulifunga, bila kunawa.

Mama hakula chakula cha jioni. Alisema ameshiba, na kila mtu mezani alijua alichoshiba.

Kesho yake Winchi aliomba ruhusa, akaenda kwenye duka la vifaa vya hospitali, lile lenye vioo na viti vya magurudumu vilivyofunikwa nailoni. Muuzaji alimsikiliza kwa heshima. Kibanio peke yake hakiuzwi, alisema, wala fremu peke yake. Huuzwa barakoa nzima, nayo huagizwa nje, na itachukua wiki kadhaa. Alipotaja bei, Winchi alidhani ametaja bei ya mashine. Muuzaji alirudia, na ilikuwa ni ya barakoa, nayo ilimeza mshahara wake wa mwezi na kudai nyongeza. Mkono mtupu haulambwi. Winchi alishukuru, akakaa kwenye benchi la wateja ili apange mawazo, na kwa kuwa usiku uliotangulia hakulala, usingizi ukamchukua hapohapo kinywa kikiwa wazi.

Aliamshwa na muuzaji kwa kuguswa bega. Kulikuwa na watu watatu kwenye foleni, na wote watatu walikuwa wanaangalia kwingine kwa makusudi.

"Mzee, samahani. Hapa si mahali pa kulala."

Hakuwa mzee. Alikuwa hata mvi hazijamkolea. Alitoka nje akiwa amebeba lile neno, na njia nzima liliendelea kumuuma kuliko bei.

*

Jaribio la kwanza alilifanya mwenyewe, kwa supaglu. Alikuwa fundi wa vyuma vizito, na watu wa vyuma vizito wana dharau fulani kwa vitu vidogo. Alikipaka kipande cha sikio, akakibana kwa vidole, akangoja. Ilikauka, tena upesi, ikanasa na kidole gumba. Mkewe alimnasua kwa asetoni ya kuondolea rangi za kucha, akicheka huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyejua ni machozi ya kicheko au ya yale mengine.

Usiku huo sikio lilishika mpaka mashine ilipoongeza nguvu ya hewa. Hapo likafyatuka, likapiga ukuta, na upepo wote ukamvuma Winchi jichoni. Hakulala tena. Angeweza kujilaza akakoroma hivyohivyo kama zamani, lakini nyuma ya ukuta ule alilala mama mkwe, na Winchi alikuwa anaona aibu ya kukoroma mbele ya mama mkwe kuliko aibu nyingine yoyote duniani. Tangu mama afike alikuwa akihakikisha barakoa imekaa sawasawa kabla hajafumba jicho. Sasa alikaa kitako kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini, akipambana na kope zake.

Asubuhi alikuwa anafagia kando ya ghala la mabomba. Ufagio ukasimama. Mpiga ishara, yuleyule wa siku ile ya mabomba, alipita na kumkuta Winchi ameegemea mpini, macho yamefumba, miguu imesimama kwa mazoea tu. Alikuwa mtu mwembamba, mchache wa maneno, ambaye kazi yake yote ni kusema kwa mikono. Alimwamsha taratibu, na safari hii akatumia mdomo.

"Winchi, mimi na wewe hatuna ugomvi. Unajua hivyo."

"Najua, ndugu yangu."

"Lakini nina watoto. Siwezi kusimama chini ya mzigo wa mtu anayesinzia na ufagio. Siku watakapokupandisha tena huko, mimi nitaomba wanihamishe. Nimekuambia mwenyewe ili usije ukalisikia kwa watu."

Winchi akarudi kufagia. Yule alikuwa amesema kweli, tena kwa upole, na hilo ndilo lililomvunja. Kurudi juu kwenye kile kibanda cha vioo lilikuwa jambo moja. Sasa aliona lipo na la pili, kwamba anaweza kurudi juu na asimkute mtu chini.

*

Alimsimulia mkewe hayo usiku, na ukuta, ambao nyuma yake alilala mama, haukuwa wa kuaminika. Asubuhi yake mama alikuwa ameketi mlangoni amevaa nguo za safari, begi liko miguuni.

Binti yake, ambaye alikuwa anachelewa saluni na ana mteja wa kusukwa kichwa kizima, aliliangalia lile begi, akalisukuma kwa mguu mpaka chini ya meza.

"Nimeharibu kazi ya mtu, mwanangu," mama alisema. "Niache niende kabla hajalazimika kunichukia."

"Ukiondoka, barakoa itapona?"

"Haitapona."

"Basi kaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo nilipovunja chupa ya uji ya mdogo wangu, na ukanichapa palepale ulipomaliza kunifundisha."

Mama alitabasamu bila kutaka. Alichezea ncha ya kanga. Kisha akauliza kuhusu beseni la saluni, lile la kuoshea nywele lililopasuka tumboni na ambalo binti alitaka kulitupa. Nani aliliziba? Binti akasema si ni wewe. Kwa kitu gani? Kwa kisu cha moto. Na mpaka leo linavuja? Halivuji, binti alisema, na papo hapo akaacha kuangalia saa.

*

Kazi ya kuiunga barakoa waliifanya siku ya mapumziko, mchana kweupe, watoto wakiwa wamefukuzwa kwenda kucheza kwa jirani. Mke wa Winchi alitandaza taulo safi mezani na kupanga vitu vyake vya saluni: sindano nene ya kushonea nywele za bandia, uzi wa nailoni, mkasi, na mkanda mpana wa wigi, ule laini unaovutika. Mama aliweka kizibo cha chupa kwenye kichwa cha sindano ili asiungue vidole, akaipasha kwenye moto wa gesi. Winchi alikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani, kama mshtakiwa anayesikiliza kesi yake.

Ufa ulishonwa kwanza. Mama alitoboa vitundu viwili viwili, pande zote mbili za ufa, sindano ikiingia kwenye plastiki kwa moshi mwembamba. Hakuhitaji miwani. Alikuwa na macho mapya na alitaka yajulikane. Kila kitundu alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakikagua, ndipo akaendelea. Binti alipitisha nailoni, akavuta, akafunga mafundo madogo yasiyochoma ngozi, kama anavyofunga siku zote kwenye vichwa vya watu. Ufa ulijifunga kama mdomo wa mtu aliyekatazwa kusema.

Kisha mama akaona kitu kingine. Mbele ya kiwiko palikuwa na duara la vitundu vidogo sana, vingi, na alipopuliza alisikia hewa ikipita.

"Na hivi je? Ndiko upepo unakotorokea. Nitaviyeyusha kidogo, vizibe."

Sindano ilikuwa tayari imepata moto. Binti aliweka kiganja chake chote juu ya kiwiko.

"Hapo usiguse, mama. Hilo nesi alituonyesha mara mbili, mimi na yeye. Hapo ndipo pumzi iliyotumika inapotokea. Ukiziba, atavuta pumzi yake mwenyewe hiyohiyo usiku kucha, na asubuhi sijui kama ataiona."

Mama aliirudisha sindano kwenye kibati.  Mara ya pili, alisema kwa sauti ndogo, mara ya pili nataka kumuua mkwe wangu kwa usafi. Alisukuma kiti nyuma kama anayetaka kuinuka. Binti alimshika mkono, akamwambia waulizane kila kitu kabla ya kukigusa, wote, hata yeye, na kazi ikaendelea hivyo, kwa kuulizana.

Lililobaki lilikuwa sikio. Mama alijaribu kulitengeneza jipya kwa kipande cha plastiki nene, akakiyeyusha kwenye fremu, akakiacha kipoe. Binti alivuta mkanda. Sikio likang'oka. Mama akarudia, akaongeza plastiki, likakaa. Binti akavuta zaidi, likang'oka na kipande cha fremu. Walitazamana. Hapo Winchi, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akikunja na kukunjua vidole, alikohoa.

"Mama, kwa ruhusa yako."

"Sema, baba."

"Mzigo wenye sikio bovu haunyanyuliwi kwa sikio."

Walimngoja. Aliona haya kidogo, lakini alichukua birika lililokuwa mezani, lile ambalo mshikio wake ulishakatika siku nyingi, akachukua kipande cha uzi. Kwenye yadi, alisema, huletewa mitambo ya kizamani ambayo masikio yake yameliwa na kutu. Ukiweka kulabu kwenye sikio, unajitafutia msiba. Kwa hiyo unaupitishia mkanda tumboni, uzito ugawanyike, na sikio liachwe liwe pambo. Aliuzungusha uzi chini ya tumbo la birika, akaupandisha pande zote mbili, akaliinua. Birika lilining'inia bila kuinama, na maji hayakumwagika.

"Mkanda usishikwe na sikio," alisema. "Upite mbele ya fremu yote, chini ya kiwiko, utokee upande wa pili. Hapo hauvuti kona. Unavuta barakoa nzima kuja usoni."

Mama alimwangalia mkwewe kwa yale macho yake mapya.

"Kumbe akili hii ulikuwa nayo, umekaa tu unaniangalia nahangaika na visikio?"

"Niliona haya, mama."

"Haya haishoni kitu, baba. Sogea hapa."

Basi akasogea. Na kuanzia hapo ikawa ni vichwa vitatu juu ya taulo moja. Binti alikata mkanda wa wigi, Winchi akauonyesha pa kupita na pa kukaza, mama akatoboa mahali pawili pa kuushonea ili usiteleze, mbali na vile vitundu, na kabla ya kutoboa akauliza kila mara, hapa, na wao wakajibu, hapo. Walibishana kuhusu fundo la mwisho. Winchi alisema fundo la yadi, mkewe akasema fundo la saluni, na la saluni likashinda kwa sababu la yadi lilikuwa kubwa kama kokwa.

Waliianika kivulini hadi harufu ya kuungua ikaisha. Ilipofika wakati wa kuiosha, mama mwenyewe aliiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Unaweza kufikiria ilivyomuuma, yale maji kutotoa hata mvuke.

*

Alasiri ilipoingia, mama alitoa amri. Barakoa ijaribiwe sasa hivi, jua likiwa linawaka, ili kama ina kasoro ionekane. Na ijaribiwe hapa sebuleni, kwenye kochi, kwa kuwa chumbani kwa watu yeye haingii.

Winchi alikataa. Alisema atajaribu usiku. Alisema hana usingizi, uwongo ambao hata kochi lisingeuamini. Mkewe alijua sababu, akanyamaza, maana haikuwa yake kuisema. Mama ndiye aliyeisema.

"Baba, kama ni kukoroma, mimi nimekusikia kwenye harusi yenu, ulipolala kitini baada ya chakula. Na hapa, juzi asubuhi ulipojisahau kidogo, nilidhani jirani ameleta mashine ya kusaga. Sasa unamficha nani?"

Winchi alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yake yakatikisika, na mkewe akaogopa, kabla hajagundua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa ni kama mtu aliyeambiwa atue gunia ambalo amelibeba miaka na hakuna aliyemwomba alibebe.

Alijilaza. Mashine ikaletwa, ikawekwa juu ya stuli, ikaanza kuvuma. Mkewe alimvika mikanda kichwani, lakini kuibandika barakoa puani ni mama aliyefanya, kwa sababu aliyevunja alitaka aunge mwenyewe. Katika miaka yote ya ukwe wao hawakuwahi kugusana zaidi ya salamu. Sasa vidole vyake vilipita kwenye shavu la mwanamume huyu, vikakandamiza mto wa mpira pembeni mwa pua, vikapapasa kingo zote. Alilowesha kidole kwa ulimi kama anayetafuta upepo unakotoka, akakipitisha taratibu kuzunguka. Chini ya jicho la kushoto kidole kilipata ubaridi. "Kaza hapa," alimwambia bintiye. Binti akakaza. Kidole kikapita tena, na safari hii hakikupata kitu isipokuwa pale kwenye vitundu, ambako hewa ilitoka kama inavyotakiwa.

Winchi alifumba macho ili asione aibu. Hakuyafumbua.

Wanawake wawili walikaa kwenye viti wakimtazama. Kifua kilipanda na kushuka. Hakukuwa na kile kishindo cha zamani, wala kile kimya kibaya kilichomfanya mkewe miaka mingi alale mkono ukiwa kifuani mwa mumewe, akihesabu. Mkanda ulikaa. Ufa ulikaa. Hakuna aliyethubutu kuinuka kwenda kuzima redio ya jikoni. Watoto walirudi wakiwa na vumbi na kelele, wakaonyeshwa kidole mdomoni, wakasimama mlangoni wakichungulia.

"Baba amekufa?" yule mdogo alinong'ona.

"Amelala," bibi yake alisema.

"Mbona hakoromi?"

Bibi alimvuta mtoto kwake, akamkumbatia kwa nguvu kuliko swali lilivyostahili. Alikuwa na furaha. Alikuwa na furaha ambayo hakuipata hata siku alipofunguliwa bandeji za macho, na hakuona sababu ya kuificha. Akaanza kulia waziwazi, na watoto wakamshangaa, mtu analia huku anacheka.

Winchi aliamka jua limehamia ukuta mwingine. Aliangalia dari kwa muda, hajui yuko wapi wala ni siku gani, kisha akageuza kichwa akamwona mama mkwe. Hakuinuka haraka kujitengeneza, kama ambavyo angefanya wiki iliyopita. Alivua barakoa, akapapasa mshono wake, akasema ana njaa.

*

Mwisho wa mwezi nesi wa kampuni aliisoma mashine. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, ila si mkali. Alisogeza miwani, akasema siku za mwanzo ni nzuri, hizi za mwisho ni nzuri sana, lakini hapa katikati kuna pengo. Pengo la nini? Winchi, njia nzima kutoka nyumbani, alikuwa amejitungia safari ya msiba. Alipokaa kwenye kile kiti aliona heri aseme ilivyokuwa. Akasema barakoa ilichemshwa.

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaomba aione. Aliigeuza kwenye mwanga, akavuta mkanda kwa nguvu, akapuliza vile vitundu kimoja kimoja kuona kama vyote viko wazi. Aliuliza ni nani aliyewaambia wasivizibe. Winchi akasema, wewe, ulimwambia mke wangu mara mbili. Nesi alionekana kuridhika. Alimwagiza aukague ufa kila asubuhi kabla ya kuiosha, na bima itakapofungua mlango achukue mpya bila kuchelewa. Hii imwokoe tu mpaka hapo. Kisha akageukia kompyuta, akaandika, na alipomaliza alisema hewa haivuji, usingizi upo, na kwamba yeye kwa upande wake amemaliza. Pengo la kuchemshwa halikuwa la kumhukumia mtu.

Nyumbani walishangilia kana kwamba amezaliwa mtoto. Mkewe alifunga saluni mapema, jambo ambalo hakulifanya hata siku yake ya kuzaliwa. Mama mkwe alifagia nyumba nzima kwa furaha na, kwa mara ya kwanza tangu afike, hakuchemsha kitu isipokuwa chai.

*

Siku ya kupanda, yadi yote ilijua. Mzigo wa kwanza ulikuwa tangi la chuma, refu kuliko gari, la kuhamishwa kutoka kwenye lori hadi kwenye magogo yaliyopangwa upande wa pili. Winchi alipanda ngazi taratibu, akakaa kwenye kibanda cha vioo, akashika mikono ya kuendeshea, akatazama chini. Msimamizi alikuwapo. Vibarua walikuwapo, wamesimama mbali kidogo, mbali zaidi ya wanavyotakiwa kusimama. Mahali pa mpiga ishara hapakuwa na mtu.

Angeweza kuita kwa redio. Msimamizi alikuwa anaangalia saa, na kulikuwa na kijana mwingine ambaye angelazimishwa kusimama pale. Winchi hakuita. Aliweka mikono palepale, akangoja, na kungoja kule kulimchosha kuliko mwezi mzima wa kufagia.

Mpiga ishara alitoka ghalani akivaa glavu zake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Alikuja mpaka mahali pake. Aliinua uso kuelekea kwenye kibanda, akachukua redio.

"Umelala?"

"Nimelala," Winchi alijibu.

"Umelala kweli?"

"Kweli, ndugu yangu."

Yule aliirudisha redio kiunoni.  Kisha mkono wake ukapanda, kidole juu, ukizunguka polepole, ile ishara ya kuinua.

Nyaya zilikaza. Tangi liliondoka kwenye lori, zito, limekaa sawa, likavuka uwanja bila kubembea. Winchi hakuona kingine duniani zaidi ya ule mkono. Uliposema kushoto alikwenda kushoto, uliposema shuka alishuka, mpaka tangi likafika usawa wa kifua juu ya magogo, na mkono ukafunga ngumi: simama. Akasimamisha.

Gogo moja lilikuwa limekaa upande. Mpiga ishara aliliona. Vibarua walikuwa mbali, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Alilikaribia tangi lililoning'inia, akaliwekea kiganja ubavuni, kama mtu anavyomgusa ng'ombe ili ajue kuna mtu nyuma yake. Kisha akageuka, akaupa mzigo mgongo, akainama kulinyoosha gogo. Alilinyoosha bila haraka, akalipima kwa jicho, akalinyoosha tena. Huko juu Winchi alikuwa macho, na tangi halikutikisika.